Bi Sikudhani na Herufi Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Nimewasikia watoto. Mama zao sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Sawasawa. Anayetaka kujibu ujumbe na aujibu sasa, tunamngoja. Tayari? Haya.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana simu zilikwisha kuwapo, palikuwa na tumbili. Nimesema tumbili. Sikusema nyani, sikusema kima, wala sikusema mbega. Nyani ana jina lake, kima ana lake, mbega ana lake. Hawa walikuwa tumbili, uso mweusi, mkia mrefu, nao walikaa kwenye mgunga mmoja mkubwa kando ya mto Kimbwiro.

Tumbili hao walikuwa na maadui watatu. Tai alitoka angani. Chui alitoka majanini. Chatu alitoka popote. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Mmoja alikaa kileleni akilinda, wengine wakala. Mlinzi akimwona adui, alimtaja jina kwa sauti. Basi. Hakusema "hatari". Hakusema "jamani". Alitaja jina.

Akisema "Tai!" wote waliingia vichakani, kimya.

Akisema "Chui!" wote walipanda juu, juu kabisa, kwenye vitawi vyembamba visivyoweza kumbeba Chui.

Akisema "Chatu!" wote walishuka chini kwenye uwanja. Walisimama kwa miguu miwili, wakamkodolea macho, wakamzomea. Maana Chatu humla yule asiyemwona. Akishaonwa na kutajwa, huona haya akaenda zake.

Haya, nawauliza. Chui, tunakwenda wapi?

Juu!

Chatu?

Chini!

Vizuri. Nyinyi mngepona. Tuendelee.

Mlinzi wao alikuwa tumbili mkongwe, jina lake Bi Sikudhani. Mkia ulikuwa umenyonyoka, mbele limebaki jino moja. Lakini koo! Akisema "Chui!" hata swala wa ng'ambo ya mto waliacha kutafuna. Alikuwa na mjukuu, Mashavu, na Mashavu alikuwa na mtoto wa siku kumi na tisa, Tunu. Tunu alikuwa bado mweusi ti kama vichanga wote wa tumbili. Hakujua kushika tawi. Alijua kushika tumbo la mama yake tu. Kila asubuhi kabla ya kupanda kileleni, Bi Sikudhani alimtazama Tunu, akasema, "Huyu haliwi. Mimi nipo."

Siku moja akaja Kunguru. Kra! Kra! Alitoka mjini, amebeba simu. Simu moja aliiuza kwa kichala kimoja cha tini za mkuyu. Usiniulize walizichaji wapi. Walizianika juani, zikajaa. Ngano ina umeme wake.

Tumbili vijana wakazipenda. Tiki-tiki-tiki asubuhi. Tiki-tiki-tiki mchana. Shingo zikapinda, macho yakashuka, vidole vikawa vyepesi. Shomari na Mashavu walikaa tawi moja, mkia unagusa mkia.

Shomari akaandika: *Uko wp?*

Mashavu akaandika: *Hp.*

Shomari akaandika: *Hp wp?*

Bi Sikudhani akainama kutoka juu. "Yuko hapo kushoto kwako, mwanangu. Geuza shingo."

Shomari huyo ndiye aliyekuwa na simu kubwa kuliko zote, na ndiye aliyeunda kundi lao la kupashana habari. Alikuwa kijana mwerevu. Simsingizii. Yeye ndiye aliyewaambia tumbili, kwa simu, kwamba tini zimeiva kwenye mikuyu ya upande wa juu, wakala wakashiba kabla nyani hawajajua. Bi Sikudhani naye alikula tini hizo. Akasema ni tamu.

Lakini asubuhi moja Kunguru alimletea Bi Sikudhani simu ya mjukuu wake, akamsomea. "Umetumiwa salamu, Bibi. Wanasema *shk*."

"Nini?"

"*Shk*. Yaani shikamoo."

"Nani anasema?"

"Shomari."

"Shomari amekaa chini yangu hapa. Nakiona kisogo chake. Mwambie hivi: mimi nimezaliwa kabla ya mama yake, na kabla ya mama wa mama yake. Shikamoo yangu nataka nzima. Akinipa herufi tatu, nimwitikie nini? *Mrh*?"

Vijana wakacheka, kwi kwi kwi. Shomari hakucheka. Siku ile ile akaitisha mkutano.

Wakakaa matawini, vijana upande huu, wazee upande ule. Shomari akasimama.

"Wazee wangu, ndugu zangu, jambo langu ni dogo. Ni kelele. Bibi yetu anapiga kelele kileleni. Watoto wanashtuka. Nyani wanajua tulipo. Majirani wanatucheka kwamba bado tunapigiana makelele kama wa porini."

"Sisi ni wa porini," akasema Bi Sikudhani.

"Bibi, dunia imebadilika."

"Imebadilika, baba. Meno ya Chui je, nayo yamebadilika?"

"Hatusemi ulinzi uishe. Tunasema mlinzi aandike. Anabonya, ujumbe unaingia kwa wote mara moja, kimya kimya. Adui hasikii kitu."

"Na asiye na simu?"

"Achukue simu. Kunguru anazo."

"Na aliyelala?"

"Simu itatetemeka."

"Na mwenye mikono miwili na mtoto kifuani?"

Shomari akajikuna. Kisha akasema, "Tupige kura."

Wakapiga kura. Vijana wote wakanyoosha mikono. Wazee wakatazamana. Mzee Mwinjuma akaona kupe mguuni mwake, akashughulika na kupe. Mzee Kombo akaangalia mawingu. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Kura ikapita.

Ikaamuliwa hivi: mlinzi sasa ni Shomari. Kupiga kelele mgungani ni marufuku. Bi Sikudhani apewe simu, apumzike.

Mashavu akamletea simu bibi yake. Akamwambia polepole, "Bibi, ipokee tu. Ukiipokea, watakuacha ukae."

"Mashavu, sikatai simu. Simu ni kitu kizuri. Ninachokataa ni kunyamazishwa. Hivyo ni vitu viwili, nawe una akili ya kuvitenga."

"Sasa utafanya nini?"

"Mgunga ni wenu, mmeupigia kura. Koo ni langu. Nitakwenda nalo."

Akashuka. Polepole, mkono, mguu, mkono, mguu. Akavuka uwanja, akapanda kichuguu kilichokuwa mbele ya mgunga, akakaa. Jua likampiga. Mvua ikamnyea. Mashavu alimpelekea tini kila jioni. Kila jioni bibi aliuliza neno moja: "Tunu?"

"Mzima, Bibi."

"Haya."

Mnanisikia bado?

Tunakusikia!

Siku kumi zikapita. Kweli Shomari alilinda. Kweli aliandika. Siku ya nne aliandika *Tai*, na wote walijificha, na Tai aliondoka bure. Vijana wakamsifu. Hata wazee wakasema, loo, kumbe kitu hiki kinafanya kazi. Siku ya saba akasikia Chui akikohoa mbali, akaandika *ch*, wote wakapanda juu, Chui akapita. Kuanzia hapo kila mtu alijua kwamba *ch* ni Chui. Hakuna aliyekaa kupanga. Ilijipanga.

Siku ya kumi na moja, jua la utosi. Tumbili wameshiba, wamejinyoosha matawini. Mashavu yuko katikati ya mti, Tunu kifuani, simu mkononi. Shomari yuko kileleni, naye anaandikiana na binti mmoja wa tumbili wa ng'ambo. Vichekesho vyao havituhusu.

Nyasi zikafunguka. Swaaaa. Zikafunga. Zikafunguka tena, karibu zaidi. Swaaaa.

Alikuwa Chatu. Mnene kama paja la mtu mzima, madoa yake kama vivuli vya majani. Akafika shinani. Akaanza kupanda. Hana haraka. Chatu hana haraka hata siku moja.

Shomari akainua macho, akamwona. Moyo ukaruka, pu! Alitaka kuandika Chatu. Akaandika herufi mbili, kidole kikateleza, ujumbe ukaondoka.

*Ch*

Mtetemo, mtetemo, mtetemo. Simu zote mgunga mzima. Tumbili wakasoma. Ch! Chui! Tunakwenda wapi?

Juu!

Eh, juu. Wakapanda. Pale pale juu ya kichwa cha Chatu, mti mzima wa tumbili wakajipanga kwenye vitawi, kama tini zilizoiva. Na shina lilikuwa moja, na kwenye shina alikuwa yeye. Chatu akainua kichwa, akatazama. Akajisemea, "Leo nimeandaliwa."

Shomari akaona wanapanda. Akaandika haraka kuwasahihisha. Sasa sikilizeni vizuri. Mnajua jinsi wanavyoandika. "Si" wanaiandika kwa herufi moja, c. "Sijui" kwao ni *cjui*. Basi Shomari alitaka kusema, "Si Chui." Akaandika:

*C chui!!*

Na tumbili mwenye hofu anasoma nini hapo? Anasoma Chui. Ile c ya kwanza aliiona kama kidole kilichotetemeka. Wakasema, "Chui kweli! Ameandika mara mbili!" Wakapanda zaidi.

Shomari akafungua kinywa apige kelele. Ikatoka sauti ndogo, *kwii*. Hakuwahi kupiga kelele ya ulinzi maishani mwake. Bibi alikuwa akizipiga zote kwa ajili yake.

Mashavu hakuweza kupanda haraka. Mkono mmoja ulishika simu, mmoja ulimshika Tunu, na miguu peke yake haitoshi. Akabaki nyuma ya wote. Akabaki chini ya wote.

Pale kichuguuni Bi Sikudhani aliona mgunga unatikisika bila sauti. Akashangaa. "Wanapanda. Mbona wanapanda? Swala wanakula. Chui yuko wapi?" Akasimama kwa miguu miwili. Magoti yakalia. Akatazama majani, hakuna. Akatazama shina.

Shina lilikuwa linatembea.

"CHATU!"

Swala wakatimka. Kwenye mgunga vichwa vikageuka, vikarudi kwenye simu. Simu zinasema Chui. Bibi anasema Chatu. Mmoja akaandika: *Bb anasema cht??* Mwingine akajibu: *Mzee huyo. Panda.*

"CHATU! Mashavu! Mashavu binti Kidawa! Sisemi Chui, nasema CHA-TU! Yuko shinani, chini yako! RUKA!"

Mashavu alisikia jina lake lote. Akatazama simu. *C chui!!* Akamtazama bibi yake, mdogo kule kichuguuni, mdomo wazi, jino moja. Huyu anasema juu, yule anasema chini. Tunu akalia, *nyii*.

Mashavu akaachia simu ili amshike mtoto kwa mikono miwili. Simu ikaanguka. Tap, kwenye tawi. Tap, kwenye tawi. Halafu badala ya tap, ikasema *bwata*. Mti hausemi bwata.

Akatazama chini. Akaona jicho.

Ruka! Mashavu akaruka, mtoto kifuani, akakata matawi, kraa kraa, akaangukia kichaka cha miiba, akatoka damu mabegani, akatua uwanjani. Tunu akiwa kifuani. Mzima. Na Mashavu, bila simu, akageuka akapaza sauti, "Chatu! Jamani, Bibi amesema kweli, Chatu!"

Sasa wakaamini. Tumbili wakamwagika kutoka mgungani kama mvua ya mawe. Huyu amevunjika kucha, huyu amechanika sikio, huyu ameangukia juu ya Mzee Mwinjuma. Wote chini. Wote, isipokuwa mmoja. Shomari alikuwa kileleni, na kileleni hakuna pa kurukia. Njia ilikuwa ile ile moja, na ilikuwa imejaa Chatu.

Chatu akaendelea kupanda. Akimkosa mtoto laini, atakula kijana mgumu.

Bi Sikudhani akashuka kichuguuni. Akavuka uwanja peke yake, akasimama chini ya mgunga, kwa miguu miwili, mkia umenyonyoka.

"Chatu! Nimekuona!"

Chatu akageuza kichwa. "Nyamaza, bibi kizee. Nimesikia habari zako. Hata wajukuu wako hawataki makelele yako. Walikufukuza."

"Walinifukuza. Ni wajukuu zangu, nitawapigia kelele nipendavyo. Wewe ni nani wa kuingia katika ugomvi wetu? CHATU! Una madoa, nimeyaona! Una tumbo tupu, nimeliona! CHATU!"

"Utachoka."

"Nichoshe!"

Mashavu akaja akasimama kushoto kwake. "Chatu!" Tumbili mwingine akaja kulia. "Chatu!" Vijana wakaja, sauti zao zimekwaruza kama mlango wa kutu, hawajazoea. "Chatu! Chatu!" Wazee wakaja. Uwanja ukajaa tumbili waliosimama kwa miguu miwili, wote macho juu, wote jina moja. Na kule kileleni Shomari akavuta pumzi, akafungua kinywa, ikatoka *kwii*, akafungua tena, ikatoka *kwaa*, akafungua mara ya tatu:

"CHATUUU!"

Chatu akawa na kelele juu na kelele chini. Akasimama. Akaona haya. Atamla nani, na kila jicho liko juu yake? Akajikunjua polepole, akateremka upande wa mtoni, swaaaa, akaenda zake na tumbo lake tupu. Hawakunyamaza mpaka nyasi zilipotulia.

Shomari akashuka. Akapiga magoti mbele ya Bi Sikudhani. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, niliandika Ch. Nilidhani wataelewa."

"Chui ana herufi nne. Chatu ana tano. Ulikuwa unaokoa herufi ngapi?"

Shomari akainama.

Hapo Mzee Mwinjuma akapata sauti. Akajitokeza mbele, kifua wazi. "Mmeona? Si tulisema? Vijana hawa! Zikusanywe simu zote, zitupwe mtoni! Leo leo!"

"Alisema nani?" akauliza Bi Sikudhani.

"Sisi wazee."

"Mlisema lini? Siku ya kura nilikuwa natazama. Wewe ulikuwa na kupe, Kombo alikuwa na mawingu. Vijana walinishinda kwa mikono yao, hadharani, usoni kwangu. Hao nawaheshimu kuliko wewe. Na simu haitupwi. Tini za upande wa juu ulizila wewe, nani alikuambia zimeiva? Waandikiane mizaha yao, wafupishe watakavyo, hata jina la Kunguru waliandike kwa nukta moja. Lakini jina la anayetula litasemwa kwa mdomo, lote, na atakayenifunga mdomo siku hiyo aje na kamba nene."

Hakuna aliyeleta kamba.

"Basi rudi kileleni, Bibi," akasema Mashavu. "Nafasi ni yako."

"Sirudi."

Wakashtuka. "Bibi, umekasirika?"

"Nimekasirika sana, lakini si hilo. Koo langu limekwisha leo, halitakuwa tena kama lilivyokuwa. Shomari, panda wewe."

"Mimi, Bibi? Mimi niliyekosea?"

"Wewe uliyepiga kelele. Nimeisikia. Ni mbaya kama mbuzi anayechinjwa, lakini inafika mbali. Panda."

Shomari akapanda. Simu akamwachia Mashavu. Akakaa kileleni, akatazama kushoto, akatazama kulia. Chini, tumbili wakaanza kulambana majeraha. Tunu akanyonya.

"KOBEEEE!"

Tumbili wote wakaruka wima. Hawa wakakimbilia juu, hawa chini, hawa vichakani, wakagongana vichwa. Kutoka majanini akatokea Kobe, polepole, anakwenda mtoni kunywa maji. Akasimama, akashangaa.

"Shomari!" wakamfokea. "Kobe si adui, mjinga wee!"

"Mimi nimetaja jina," Shomari akajibu kutoka juu, sauti imekauka, kichwa kimesimama. "Jina lake lote. Kukimbia au kukaa, hilo ni shauri lenu."

Kobe akatazama juu. Akatoa shingo yake yote. "Ahsante, kijana," akasema. "Kila anayepita huniita Wewe."

Bi Sikudhani akacheka mpaka jino lake moja likaonekana.

Mafunzo yake ni haya, nanyi watu wazima sikilizeni pamoja na watoto. Simu si Chatu, na kijana mwenye simu si adui wa bibi yake. Lakini neno ambalo uhai wa mwenzako unalitegemea, liseme lote, kwa sauti yako. Nawe mwenye umri, usikubali kunyamazishwa kwa sababu umri umekwenda; na kama siku ya kusema ulikaa kimya, usije kudai baadaye kwamba ulisema.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Aliyeisikia aisimulie kwa mdomo, na majina ayataje yote.